Kuhamisha Nyuki: Tazama Majana, Usitazame Ndoo

Nyuki wakishatolewa darini, watu hukimbilia ndoo. Ikijaa asali, fundi husifiwa, na akiwa ameumwa mara mbili tatu tu, husifiwa zaidi. Mimi ndoo huiangalia kwa jambo jingine. Nikikuta asali, masega yaliyopondeka, majana na nyuki waliozama vyote vimo pamoja, siulizi tena kazi imekwendaje. Huyo alikuja kurina, akajiita mhamishaji. Mhamishaji huja kuchukua majana, yaani mayai na watoto waliomo bado vijumbani mwa sega, kwa sababu ndiyo yanayowafanya nyuki wakae.

Na nyuki wa huku wanahitaji kufungwa na kitu. Kuanzia migunga ya Naivasha hadi Marigat tunaishi na nyuki wa jamii ya scutellata, wale wale ambao wenzao walipelekwa Brazil mwaka 1956, wakaponyoka mwaka uliofuata na kuenea hadi Marekani. Dunia inawajua kwa hasira. Anayewafuga anawajua pia kwa wepesi wa kuhama: wakisumbuliwa kupita kiasi, huacha sega, asali na hata majana, wakaenda zao.

Fundi mzuri huanza kwa maswali. Wameingia lini? Wanapitia tundu gani? Wanarudi na chavua miguuni? Kundi lililoning'inia kwenye mti au ua bila sega lolote ni wasafiri waliopumzika. Mara nyingi huondoka wenyewe baada ya siku moja au mbili, na ukiwataka, unawakung'uta kwenye sanduku. Anayekudai bei ya kubomoa dari kwa kazi hiyo, mwage.

Kisha saa. Marigat kuna joto, nta hulegea, na sega jipya jeupe hukatika kwa uzito wake. Huko fundi husubiri jua lipungue. Molo ni kinyume. Majana huhitaji kama nyuzi 34 au 35 za joto, na baridi ya jioni ya Molo haina huruma. Fundi anayeanza kazi magharibi huko atafunga mzinga kabla nyuki hawajapanda kuyafunika majana, na asubuhi watoto watakuwa wamekufa. Kwa hiyo akikuambia atakuja saa fulani, muulize kwa nini. Jibu lake litakuonyesha kama ameifikiria kazi hii au ana saa moja kwa kila mahali.

Sasa simama mbali kidogo, utazame mkono wake. Moshi ni mchache na wa baridi, unaofukizwa kwa kituo, wala hauhanikizi nyumba. Kisu kinapita juu ya sega kwa mkato mmoja, na mkono wa pili umeshaliegemeza kabla halijakatika. Kila sega linashikwa wima, upande wa juu ukibaki juu, kwa kuwa vijumba vimeinuka kidogo kuelekea mdomoni. Ukilipindua, maji ya maua humwagika na watoto hukaa vibaya. Analisogeza kwenye fremu tupu, analikata lienee, analibana juu hadi liguse ubao, kisha analifunga kwa uzi wa pamba au raba. Masega yanapangwa kwa mfuatano ule ule yaliokuwa nao darini, ya majana yakiwa katikati yameshikana. Masega ya asali hayaingizwi siku hiyo. Ni mazito, huanguka na kuponda majana, pengine na malkia mwenyewe, na asali inayovuja huita siafu na nyuki wezi.

Kuhusu mzinga sina ushabiki mkubwa. Ule wa Kenya wenye viunzi vya juu, uliobuniwa miaka ya 1970, ni rahisi kutengeneza, na kiunzi chake cha milimita 32 kinawafaa nyuki wetu. Lakini sega lililokatwa hukaa vizuri zaidi ndani ya fremu za Langstroth, zenye pande nne za kulishikilia. Kwa kazi hii, na hii tu, ningechagua Langstroth.

Malkia hahitaji kutafutwa saa nzima. Angalia mlango: nyuki wakisimama vichwa ndani, mikia juu, wakipepea mabawa, wanawaita wenzao, na malkia karibu bila shaka yumo. Hapo fundi huacha mzinga karibu na tundu hadi giza liingie na wa shambani warudi. Akiuondoa saa tisa alasiri kwa sababu ana matatu ya kuwahi, amekuachia mamia ya nyuki wenye hasira ukutani. Akiuweka mita 50 tu kutoka pale, nyuki kesho watarudi kwenye tundu la zamani. Mzinga hupelekwa kilomita kadhaa, ukatundikwa kwa waya, nyegere asiuangushe, au ukawekwa juu ya miguu iliyosimama ndani ya mikebe ya oili chafu, siafu wasipande.

Baada ya siku chache nenda utazame chini ya mlango. Vipande vya uzi vilivyotafunwa na kutupwa nje ni habari njema kuliko ahadi yoyote ya fundi: sega limeshaungwa, nyuki wanafagia nyumba. Mzinga ukifunguliwa, tafuta yai lililosimama wima chini ya kijumba. Yai husimama siku ya kwanza na kulala kufikia ya tatu, hivyo la wima maana yake malkia alitaga jana au leo. Mayai mawili matatu katika kijumba kimoja ni dalili mbaya. Mara nyingi malkia hayupo na nyuki wafanyakazi wameanza kutaga madume.

Subiri hadi wiki tatu. Siku kama 21 ndizo zinazompeleka nyuki mfanyakazi kutoka yai hadi kutoka kijumbani, kwa hiyo karibu majana yote yaliyohamishwa yatakuwa yamekwisha. Ukiona majana machanga, kundi limekubali. Ukikuta sega tupu na nyuki wachache, wanajiandaa kuondoka.

Wapo wasiohamisha kabisa. Waogiek wa Mariashoni, katika Msitu wa Mau, huchonga mizinga ya magogo ya mutarakwa, wakaitundika mitini na kuwaacha nyuki waingie wenyewe. Kama shida yako ni kupata nyuki, wala si kuwatoa nyumbani mwako, mzinga mtupu uliopakwa nta wakati wa maua utakugharimu kidogo na hautaua majana ya mtu.

Malipo tuyagawe: sehemu siku ya kazi, iliyobaki wiki ya tatu, mzinga ukifunguliwa mbele yenu nyote wawili. Kabla ya kutoa hata ile ya kwanza, panda ngazi ukaangalie dari. Nta ikwanguliwe na kuta kuoshwa, tundu lizibwe kwa saruji au wavu, kwa sababu harufu ya sega la zamani hualika kundi lingine. Anayeacha tundu wazi amejiwekea kazi ya msimu ujao, na wewe ndiye utakayemlipa tena.