"Piny Owacho": Uhakiki wa Kauli Moja ya Kijaluo

Kauli ya Kijaluo "Piny Owacho" mara nyingi hufasiriwa "sauti ya watu". Tafsiri hiyo ina upungufu. Piny ni nchi, yaani ardhi pamoja na wakaao juu yake. Owacho ni kitenzi cha tendo lililokwisha kutimia. Maana yake hasa ni "nchi imesema".

Tofauti hiyo si ndogo. Kabla ya mkutano wa Lundha, Gem, Desemba 1921, mwananchi wa kandokando ya Ziwa Viktoria alielezwa kwa vitenzi vya kutendwa: alitozwa kodi ya nyumba, alivishwa kipande, alipelekwa kazi za shuruti, na mwaka 1920 nchi yake ilifanywa koloni pasipo ridhaa yake. Katika kauli hii mtendwa amekuwa mtenda. Tena hakusema mtu mmoja awezaye kukamatwa peke yake, imesema nchi. Kwa ulimi huo Jonathan Okwiri na vijana wenzake wa misheni walimkabili Gavana Northey mwaka 1922 huko Nyahera, karibu na Kisumu.

Kauli ina kasoro: haitaji ni nani aliyeisemea nchi. Mwaka 1923, chini ya uongozi wa Padre Owen, chama kikaitwa cha ustawi wa walipa kodi. Iliyokuwa nchi ikawa mlipaji tu. Mfasiri aandikaye "sauti" huipunguza vivyo hivyo. Heri akibakize kitenzi.