Mashimo ya Umatengo

Ukisimama Litembo, katika milima ya Mbinga, ukatazama ng'ambo ya bonde wakati maharage yamekwisha kung'olewa, utauona mlima mzima umegawanywa miraba midogo midogo, toka kijitoni hadi karibu na kilele, mithili ya sega la nyuki. Hizo ndizo ngoro. Mteremko ni wa kumfanya mgeni ashike kichaka asije akaporomoka, lakini Wamatengo, wenyeji wa milima hii, wamelima hapo kwa jembe la mkono, kizazi baada ya kizazi, na udongo upo. Nimeiona milima mingine ya nchi hii iliyolimwa miaka michache tu, leo imebaki mawe. Ndiyo maana kila ninapoziona ngoro najawa na heshima kwa walioziwaza.

Wazee husimulia kwamba Wangoni walipoingia Ruvuma katikati ya karne ya 19, Wamatengo walibanwa huko juu. Ardhi ilikuwa finyu na vinywa vilikuwa vingi. Hakuna aliyeweza kulichosha shamba akahamia jingine. Dhiki iliwafundisha, ni kweli. Ila dhiki imezipata jamii nyingi, na si zote zilizojibu kwa akili ya namna hii.

Kazi yenyewe huanza mvua za masika zinapoelekea ukingoni, kwenye Machi hivi, shamba likiwa limepumzika na nyasi zimesimama. Wanaume huingia na nyengo, wakazifyeka nyasi hizo na kuziacha zinyauke siku kadhaa. Kisha huzikusanya na kuzilaza kwa mistari, mingine ikipanda na mteremko, mingine ikiukata, mpaka shamba lote liwe miraba. Hapo hakuna kamba wala fimbo ya kupimia. Jicho la mtu ndilo linalojua mstari upite wapi, na jicho hilo halikufundishwa darasani.

Halafu wanakuja wanawake, na hapa ndipo ninapopenda kukaa nitazame. Mama husimama katikati ya mraba, miguu ameitanua kidogo, mgongo ameukunja. Jembe linashuka, linachota udongo, linaurusha juu ya nyasi za upande mmoja. Anageuka robo, anachota, anarusha. Anageuka tena. Akimaliza pande nne, pale aliposimama pamekuwa shimo, na nyasi zote zimefunikwa ndani ya matuta. Mbegu za maharage humwagwa juu ya matuta hayo, kisha udongo mwepesi huvutwa juu yake, kiasi cha kuzificha tu. Jembe la mwisho ndilo gumu. Udongo ukizidi, mbegu itachelewa kutoka. Ukipungua, ndege na jua watagawana. Mkono unaojua hupunguza nguvu wenyewe, na mwenye mkono huo anaweza kuwa anazungumza na jirani habari za harusi.

Ndani ya tuta, nyasi zinaoza polepole na kulisha shamba. Magugu nayo yakipaliliwa hayatupwi mbali. Yanaangukia shimoni, yanaoza humo. Mvua kubwa ikija, kila shimo linakamata maji yake na udongo wake. Maji hayapati mahali pa kuanzia mbio. Yanatulia, yanazama taratibu, na sehemu yake hutokea bondeni baadaye kwenye chemchemi, yakiwa safi. Maharage yakishavunwa, mvua za mwisho wa mwaka huleta mahindi juu ya matuta yale yale, na baada ya mahindi shamba huachwa lipumue. Zamu ya kulima tena ikifika, tuta jipya hupita palipokuwa na shimo, pale palipojaa mboji ya misimu iliyopita. Kila shubiri ya mlima inapata siku yake ya kulishwa.

Wakoloni waliliona jambo hili. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika juu ya hifadhi ya udongo ya Wamatengo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Lakini serikali yao hiyo ya kikoloni, ilipotaka kuokoa milima ya Uluguru miaka ya 1950, iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, ambayo mahali pengi yaliufukia udongo mzuri na kuleta juu ule usio na rutuba. Mwaka 1955 watu walikataa, na ghasia zikazuka. Ngoro za Wamatengo hazikuanza kwa amri ya serikali. Ile ilikuwa kazi yao, na waliifanya kwa sababu waliielewa.

Sehemu ya maji ya milima hii huteremka kwenda Ziwa Nyasa. Kule chini kuna wavuvi, na kuna samaki aitwaye mbasa, ambaye hupanda mitoni kutaga mayai kwenye changarawe safi. Mto ukijaa matope, changarawe hufunikwa, na mayai hufa humo. Mama aliyeinama shambani Litembo huenda hajawahi kumwona mbasa akipanda mto. Bado kila shimo analochimba linamhifadhia samaki huyo mahali pa kuzalia, na linamwachia mwanamke wa pwani ya ziwa maji ya kuchota. Katika sifa zote za ngoro, hii ndiyo inayonigusa zaidi.

Sasa ngoro zinapungua. Vijana wengi wamekwenda mijini au kwenye bodaboda, na ngoro inataka mikono mingi kwa wakati mmoja. Wanaobaki hushawishika kulima matuta ya kawaida, na wapo wanaoyaelekeza moja kwa moja na mteremko kwa kuwa ni rahisi zaidi kwa mgongo. Nyasi zilizokuwa zikilazwa kwa mistari sasa huchomwa moto, asubuhi moja tu kazi imekwisha. Rutuba itanunuliwa dukani ndani ya mfuko. Mvua ya kwanza ikipiga, mfuko huo nusu yake unateremka mtoni, na udongo ulioanza kujengwa na mababu unaufuata.

Simlaumu mkulima aliyechoka. Tumemwachia kazi ya kulinda mto wa watu wote kwa mgongo wake peke yake, na siku ya kuuza maharage tunabishana naye bei ya debe. Lawama yangu ni kwetu tunaopita milimani kwa barabara ya lami kuelekea Mbambabay, tukaipiga picha ile miraba kwa kuwa inapendeza, tusiulize ni nani atakayeichimba mwakani.