Kiboko Alipata Kwao. Na Kobe Je?

Kuna picha moja ambayo nadhani kila mtu wa Pwani amewahi kutumiwa: mtoto wa kiboko amelala ubavuni mwa kobe mkubwa, kidevu kakiegemeza kwenye gamba. Chini yake huwa kuna maneno ya urafiki na alama tatu za moyo. Mwaka huu nilitumiwa tena na binamu yangu wa Mombasa, na ilifika wiki ileile ambayo hawe aliniita jikoni akaniambia, "Mwanangu, mtafutie Chumvi mtu." Chumvi ni punda wetu hapa Marereni. Na Chumvi ana mbuzi. Nitaeleza.

Kwa kuwa picha ilinikuta na swali, badala ya kuisambaza nilikwenda kutafuta kitabu kilichoifanya isambae. Nakala yangu niliipata Malindi kwa muuza vitabu vya mitumba, jalada limekunjika, ndani mtoto wa mtu kachorachora. *Owen & Mzee: The True Story of a Remarkable Friendship* kilichapishwa na Scholastic mwaka 2006. Waandishi ni watatu: Craig Hatkoff, binti yake Isabella aliyekuwa na miaka sita tu walipoanza kazi hiyo, na Paula Kahumbu, Mkenya aliyekuwa akisimamia Haller Park pale Bamburi. Picha ni za mwanahabari Peter Greste. Mwaka 2007 wakatoa cha pili, *The Language of Friendship*.

Kwa asiyekijua kisa: mvua zilijaza mto Sabaki, kundi la viboko likasukumwa hadi mdomoni mwa mto, wakawa wanakula nyasi kando ya bahari karibu na Malindi. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ikafika. Asubuhi yake akaonekana mtoto mmoja tu, amekwama kwenye mwamba wa matumbawe. Watu wakatoka na kamba, nyavu, mashua na magari, wakahangaika naye saa nyingi. Mtoto gani huyo, kilo 270 hivi! Aliponaswa alipewa jina la mmoja wa waokoaji, Owen, akapakiwa kwenye gari hadi Haller Park, ambako zamani palikuwa machimbo ya mawe ya kampuni ya saruji na sasa ni msitu wa kupandwa. Alipofunguliwa tu alikimbilia nyuma ya kobe wa kisiwa cha Aldabra, dume wa miaka 130 hivi, aitwaye Mzee. Kobe akafyonya, akajivuta kando. Kiboko akamfuata. Kufika asubuhi walikuwa wamelala pamoja.

Mimi nilikuwa na miaka mitano. Bahari ile siikumbuki. Ila daraja la Sabaki nalijua vizuri, kwa sababu ukitoka Marereni kwa matatu kwenda Malindi unapita Gongoni, unapita Mambrui, kisha unavuka mto. Kila nikivuka huwa natazama chini kama kuna kiboko. Kwa hiyo kitabu hiki nakisoma kama mtu wa jirani, na jirani ana haki ya kulalamika kidogo.

Lalamiko la kwanza ni dogo. Wale watu wa Malindi waliojaa ufuoni wanapata nafasi yao mwanzoni, wanavuta, wanashangilia, halafu wanatoweka. Kuanzia hapo hadithi inakuwa ya wanyama wawili waliopatana wenyewe. Naelewa, ni kitabu cha watoto, huwezi kumtaja kila mvuvi aliyeleta wavu wake ukachanika. Lakini kosa hilo linaendelea hata baada ya ufuo. Owen hakuangukia kwa Mzee kutoka mbinguni. Kitabu chenyewe kinaeleza, upesi sana, kwamba kumrudisha mtoni hakungefaa, maana viboko wengine wangemwona mgeni na kumshambulia. Kuna watu walikaa wakaamua. Walimchagulia ua lenye kidimbwi, matope ya kugaagaa, miti, na wenyeji wasio na vurugu. Urafiki ulikuja baada ya watu kufikiri kuhusu makazi. Sisi wasomaji tumeubeba urafiki tukaiacha ile fikra.

Sehemu bora ya kitabu, kwangu, ni ya chakula. Owen aliwekewa majani, akakataa. Mtunzaji wa wanyama, Stephen Tuei, akawa na wasiwasi. Kisha siku moja akamwona anakula bega kwa bega na Mzee, kana kwamba kobe ndiye anayemfundisha. Basi. Ni tukio dogo na halina mbwembwe, tena picha zake si zile zinazosambazwa. Lakini nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kumtazama Chumvi.

Punda walikuwa wawili. Majina niliwapa mimi nikiwa darasa la tatu: Chumvi kwa sababu ni mweupe-mweupe na hapa kwetu mashamba ya chumvi ndiyo unayoyaona kila upande, na Pilipili kwa sababu alikuwa mkali na utani haukuepukika. Walivuta mkokoteni wa maji pamoja. Ukimtoa mmoja kwenda kisimani peke yake, aliyebaki alilia mpaka majirani wakauliza kuna nini. Mwaka 2019, nikiwa mwaka wa pili chuoni, karo ilikwama. Akapita mnunuzi tusiyemjua, ana lori, ana pesa mkononi. Hawe akamuuza Pilipili.

Wakati huo Kenya ilikuwa na machinjio manne ya punda yenye leseni, ngozi zikienda China kutengenezewa dawa iitwayo ejiao. Pilipili alikwenda wapi sijui. Najua tu kwamba mnunuzi hakuuliza umri wake wala kama anavuta vizuri. Februari 2020 waziri wa kilimo, Peter Munya, aliamuru machinjio hayo yafungwe. Mwaka 2021 mahakama ikaitengua amri ile. Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapiga marufuku bara zima kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Kwetu yote hayo yalikuwa yamechelewa.

Chumvi alikataa kula. Siku ya kwanza tulidhani amechoka. Siku ya tatu alikuwa amesimama pale kwenye nguzo waliyozoea kufungwa wote wawili, kichwa chini, mabua mbele yake hayajaguswa. Waganga wa mifugo wanajua jambo hili: punda akiacha kula kwa huzuni, mafuta ya mwilini huingia kwenye damu, ini huzidiwa, na anaweza kufa kwa siku chache. Ndiyo maana Donkey Sanctuary, shirika lililoanzishwa Uingereza mwaka 1969 na ambalo mwaka 1987 lilifungua kituo cha punda Lamu, linapowatafutia punda waliookolewa makazi mapya huwatoa wawiliwawili. Walioshikamana hawatenganishwi. Hata mmoja akifa, mwenzake huachwa na maiti kwa muda, amnuse, aelewe.

Hayo nimeyasoma baadaye. Hawe hakuyasoma popote. Siku ya nne alikwenda kwa jirani akarudi na mbuzi jike mwenye pembe moja ambaye hakuna aliyemtaka, akamfunga palepale kwenye nguzo. Hawe alisema tu, "Mtu hali peke yake." Mbuzi akaanza kula mabua ya punda. Jioni punda naye akainamisha kichwa.

Miezi minane baadaye mimi niliacha chuo. Karo ya Pilipili ililipa muhula mmoja. Nimeliandika hili hapa kwa sababu ukosoaji unaoficha kwa nini kitabu kimekuuma ni uongo kidogo.

Sasa lalamiko la pili, kubwa zaidi, na sehemu yake kubwa si la kitabu. Mwaka 2007 Owen na Mzee walitenganishwa. Kiboko alikuwa amekua, na kiboko mzima hupita tani moja. Mchezo wake wa kumsukuma kobe ulikuwa umeanza kuwa wa hatari. Akapelekwa kwenye ua la kiboko jike, Cleo. Vitabu viliandikwa wawili hao wakiwa bado pamoja, kwa hiyo siwezi kuvilaumu kwa kutosema yaliyokuja. Uamuzi wenyewe pia siulaumu. Kiboko anahitaji viboko, na gamba la kobe lina mwisho wa kubeba. Ninachokilaumu ni picha yetu ya WhatsApp, ambayo karibu miaka ishirini baadaye bado inasimama asubuhi ile ya kwanza. Ukimuuliza mtu ilikuwaje baadaye, hajui. Akijua, atakwambia habari ya Owen: alipata wa aina yake, alizoea. Mzee haulizwi.

Hapa ndipo natamani kitabu kingekuwa na ujasiri zaidi. Cha pili kinasimulia vizuri sana jinsi walivyoelewana: kiboko akimng'ata kobe mguu taratibu ili asogee, kobe naye akiuma mkia, sauti wanazojibizana. Ukisoma hivyo unaona hawa wamejengeana lugha. Basi lugha hiyo inakwenda wapi mmoja akihamishwa? Watoto wanaweza kulibeba swali hilo. Mimi nililibeba nikiwa na miaka ishirini na sikuwa na kitabu cha kunisaidia. Hadithi za wanyama waliookolewa hupenda kuishia langoni: mnyama kashuka kwenye gari, kapata rafiki, makofi. Kumbe kazi yenyewe huanzia pale, na haiishi, kwa sababu mnyama hukua, mtu huzeeka, na kila ukimhamisha mmoja unafanya uamuzi juu ya yule anayebaki.

Hawe amezeeka. Miguu haimpeleki tena kisimani, na shangazi anataka ahamie kwake Mombasa, nyumba ya ghorofani. Ndiyo maana Chumvi alihitaji mtu. Niliweka picha yake kwenye makundi ya Marereni na Gongoni, nikaandika: punda mmoja, mpole, anaenda na mbuzi wake. Nilipigiwa simu kumi na kitu. Wengi walidhani ni mzaha. Mmoja akasema atamchukua mbuzi tu, ana shughuli ya arusi. Mwingine akasema, "Ndugu yangu, mimi nauza maji, sifungui zoo." Mwingine alitaka kumchukua punda leo na mbuzi "tutaona". Neno hilo "tutaona" nilikuwa nimeshalisikia, mwaka 2019.

Kitabu kilinisaidia, japo si kwa namna waandishi walivyokusudia. Nilijikuta nauliza maswali ya watu wa Haller Park: huko aendako kuna nani? Kuna kivuli? Kama mambo hayataenda, nani atanipigia? Hawe alinicheka. "Unamwoza?" Lakini alimuuliza kila aliyekuja swali lake mwenyewe moja, nalo lilikuwa zuri kuliko yangu yote: "Wewe unakula na nani?"

Aliyewachukua ni mchota maji wa Gongoni, mtu mzima, mkewe amefariki, ana wajukuu wawili. Alijibu kwamba anakula na wajukuu. Hawe akampunguzia bei mpaka shangazi akanuna kwenye simu. Masharti yalikuwa mbuzi asichinjwe punda akiwa hai, na akitaka kuuza atuambie sisi kwanza. Hakuna karatasi. Aliondoka jioni, Chumvi mbele na mbuzi wa pembe moja nyuma akikokotwa kwa kamba, hadi walipofika barabarani mbuzi akapita mbele mwenyewe.

Nisifu nilichopaswa kusifu: *Owen & Mzee* ni kitabu kizuri, kina picha za kweli na kimeheshimu wanyama wake. Kitafute, msomee mdogo wako. Ila ukimaliza ukurasa wa mwisho usikifunge hapo. Mwambie kwamba kiboko alikua, akahamishwa, na kobe akabaki Bamburi. Kisha msubiri akuulize.

Juzi nilipiga simu Gongoni. Punda anakula, yule mzee akasema. Mbuzi, ametafuna shuka.