Muwasho wa Westie Ulivyokatizwa Njiani

Manyoya meupe ya Westie hayafichi siri. Mbwa huyu mdogo wa asili ya Uskoti akizoea kujilamba miguu, mate huacha madoa ya rangi ya kutu katikati ya vidole. Kwapani na tumboni ngozi huwa nyekundu, na akipuuzwa ngozi hiyo huwa nene, hugeuka nyeusi na kutoa harufu nzito. Mbegu yake imo kati ya zile zinazosumbuliwa zaidi na mzio wa kurithi, ule unaochochewa na chavua na utitiri wa vumbi.

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa prednisoloni. Inatuliza kweli, hakuna anayebisha. Ila inakandamiza kinga ya mwili kwa mapana, na mbwa hunywa maji kupita kiasi, hukojoa ndani, wala hashibi.

Mwaka 2004 watafiti walitangaza protini iitwayo interlukini-31. Panya waliofanywa waitengeneze kwa wingi walijikuna hadi manyoya yakanyonyoka. Mwaka 2013 wanasayansi wa kampuni ya Zoetis wakaonyesha kwamba mbwa aina ya beagle wakidungwa protini hiyo huanza kujikuna, na kwamba asilimia 57 ya mbwa wenye ugonjwa huu walikuwa nayo katika damu kwa kiwango cha kupimika. Kumbe muwasho una mjumbe wake, anayeupeleka hadi kwenye mishipa ya fahamu.

Kidonge cha Apoquel, kilichoidhinishwa Marekani mwaka huohuo, huuzima ujumbe ukishaingia ndani ya seli. Sindano ya Cytopoint humkamata mjumbe mwenyewe kabla hajafika. Hiyo ni kingamwili iliyoundwa ifanane na za mbwa, ili mwili usiikatae. Hudungwa chini ya ngozi mara moja kwa mwezi, angalau miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito.

Hata hivyo, sindano haiui kiroboto, wala haigusi bakteria na fangasi waliokwisha kujazana kwenye mikunjo ya ngozi. Ndiyo maana daktari makini huanza na dawa ya viroboto, kisha hubandika kipande cha selotepu kwenye ngozi na kukitazama kwa hadubini. Fangasi wakionekana, mbwa huogeshwa kwa shampuu ya klorheksidini, na povu huachwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Dakika 10 ni nyingi mno kwa mbwa aliyelowa!

Linalowashinda wengi ni jaribio la kubaini kama chakula ndicho chanzo cha muwasho: wiki 8 za mlo mmoja usio na protini alizozoea, bila hata kipande cha nyama ya ng'ombe, mshukiwa mkuu, kudondoshwa chini ya meza. Muwasho ukipungua, chakula cha zamani hurudishwa. Ukianza upya, mshtakiwa amepatikana.

Muwasho usipopungua kwa mlo huo, kuna sindano za kuuzoesha mwili vichochezi vyake. Hizo huweza kuchukua hadi mwaka mzima kuonyesha matokeo, na si kila mbwa hunufaika. Katika kipindi hicho cha kungoja ndipo Cytopoint inapofaa zaidi, kwani mbwa hulala usiku bila kujikuna huku tiba ya polepole ikiendelea.