Uchovu wa Karani, Ari ya Mshairi: Kazi, Wahaka na Ubunifu katika Maandishi ya Shaaban Robert

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna uchovu wa kazi na wahaka wa mwandishi unavyojitokeza, na namna unavyofichwa, katika maandishi ya Shaaban Robert (1909–1962). Kwa kusoma kwa pamoja tawasifu yake, riwaya za Kusadikika na Utubora Mkulima, pamoja na Wasifu wa Siti binti Saad, makala inadai kwamba maadili ya kazi yanayotawala maandishi hayo hayakumwachia mwandishi nafasi ya kuutamka uchovu wake kwa nafsi ya kwanza. Kwa hiyo, uchovu huo ulihamishiwa kwa wahusika. Hoja hii inadai pia kwamba Utubora Mkulima si ndoto tu ya kurudi shambani, bali ni tafakuri juu ya kazi ya uandishi yenyewe.

1.0 Utangulizi

Katika historia ya fasihi ya Kiswahili, bidii ya Shaaban Robert imekuwa kama methali. Mashairi, tenzi, insha, riwaya, tawasifu na wasifu vilitoka katika kalamu moja, na wingi huo umezoeleka kutajwa kuwa ushahidi wa kipaji na wa moyo usiochoka. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni bei ya wingi huo. Mwandishi huyu hakuwahi kuishi kwa kalamu pekee katika sehemu kubwa ya umri wake. Kuanzia 1926 alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika: kwanza katika Idara ya Forodha kwa takriban miaka 18, kisha katika ofisi nyingine, zikiwemo za Mpwapwa na Tanga. Utumishi huo ulikoma alipokuwa na umri wa takriban miaka 50, naye akafariki Juni 1962. Kazi nyingi zinazomfanya asomwe leo ziliandikwa, kwa hiyo, baada ya saa za ofisi, na mtu aliyekwisha kuitumia siku yake kwa makaratasi ya wengine.

Hali hiyo haikuwa yake peke yake. Hadi leo waandishi wengi wa Kiswahili ni walimu, wahadhiri, wanahabari au watumishi wa umma wanaoandika kwa muda wa kuiba. Kwa sababu hiyo, namna mwandishi mkuu wa karne ya 20 alivyoushughulikia uchovu wa maisha hayo ya kazi mbili ni suala la uhakiki, wala si la udadisi wa maisha ya mtu tu. Kielelezo alichokiacha ndicho ambacho vizazi vilivyofuata vimepimwa nacho.

2.0 Uchovu na wahaka kama dhana za usomaji

Dhana ya uchovu wa kazi uliokithiri iliingia katika saikolojia kupitia maandishi ya Herbert Freudenberger nchini Marekani mwaka 1974. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza kuwa hali itokanayo na msongo wa kazi usiodhibitiwa, wala si ugonjwa, na likaipa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kifikra na kazi au kuichukia, na kupungua kwa ufanisi. Maelezo hayo yanafaa kwa uhakiki kwa sababu moja kubwa: yanauweka uchovu katika uhusiano wa mtu na kazi yake, si ndani ya mtu peke yake.

Kiswahili chenyewe kina msamiati mpana wa kulijadili jambo hili. Uchovu hutazama nyuma, kwenye nguvu iliyokwisha kutumika. Wahaka hutazama mbele, kwenye jambo ambalo halijajulikana litakavyokuwa. Unyong'onyevu hukaa mwilini, ilhali kihoro hukaa moyoni na mara nyingi hufuata kupotewa. Mwandishi anayetuma mswada akasubiri jibu la mchapishaji huwa na vyote viwili vya kwanza kwa pamoja: amechoka kwa yaliyopita na ana wahaka kwa yajayo. Upekee wa kazi ya ubunifu umo katika mkutano huo. Karani hujua mwisho wa mwezi utaleta nini, mwandishi hajui.

Hapana haja ya kumpima marehemu kama mgonjwa. Kinachochunguzwa hapa ni maandishi: wapi uchovu unatamkwa, wapi unanyamaziwa, na nani anaruhusiwa kuuonyesha.

3.0 Ukimya wa tawasifu

Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ndipo msomaji angetarajia kuukuta uchovu wa mwandishi. Matukio mazito hayakosekani humo: kifo cha mkewe Amina, kuhamishwa kikazi, safari ya Mpwapwa na udhalili wa ubaguzi wa rangi. Hata hivyo, mwendo wa usimulizi una tabia inayojirudia. Kila masimulizi yanapoukaribia uchungu, msimulizi huacha kusimulia akaanza kuasa. Tukio hugeuka funzo, na mahali pengine nathari hugeuka utenzi: tungo ndefu za wosia kwa binti yake na kwa mwanawe zimewekwa ndani ya tawasifu hiyo, nazo zinachukua nafasi ambayo katika tawasifu ya aina nyingine ingejazwa na maungamo.

Mgeuko huu umeelezwa mara nyingi kuwa ni hulka ya mwandishi mwadilifu. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Katika mfumo wa maadili ambao tawasifu inaujenga, kazi ni kipimo cha utu. Mtu mwema ni yule anayefanya kazi kwa uaminifu, anayevumilia na anayeshukuru. Msimulizi aliyekwisha kukiweka kipimo hicho mbele ya wanawe hawezi kusema kuwa kazi imemshinda bila kukivunja. Mkono uandikao wosia wa bidii unafungwa na wosia huo huo.

Barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizokusanywa chini ya anwani ya Barua za Shaaban Robert 1931–1958, zinadokeza jambo hilo kwa upande mwingine. Miaka ya barua hizo inaangukia karibu yote ndani ya miaka ya utumishi wake. Humo mambo ya jamaa na habari za maandishi yanakaa pamoja, bila uzio ambao tawasifu inauweka kati ya mtu na kielelezo. Tofauti ya tanzu ndiyo tofauti ya ruhusa: barua kwa ndugu inaweza kubeba lililo zito kabla halijageuzwa kuwa funzo, ilhali kitabu kwa umma hakiwezi.

4.0 Kusadikika: kazi isiyopokewa

Ikiwa nafsi ya kwanza imefungwa, wahusika wamefunguliwa. Katika Kusadikika (1951), Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria nchini, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali. Kila mjumbe anapata mashaka njiani, anarudi na shauri lenye manufaa kwa nchi, kisha anatiwa gerezani. Umbo hilo hurudiwa mara sita, bila mabadiliko makubwa.

Msomaji anaweza kuuona urudiaji huo kuwa udhaifu wa msuko, na riwaya yenyewe husomwa zaidi kama istiara ya utawala wa kikoloni. Usomaji wa kisiasa una nguvu zake na hauhitaji kuondolewa. Hata hivyo, urudiaji una maana nyingine ukitazamwa kama umbo la tajiriba ya kazi. Kutumwa, kutaabika, kuleta kilicho bora, kukataliwa, kisha mwingine kuanza upya: huo ndio mzunguko wa kazi isiyopokewa. Msomaji anayechoka ifikapo safari ya nne anaonjeshwa, kwa njia ya umbo, kile ambacho wajumbe wanakipata kwa njia ya tukio. Uchovu haukutajwa, lakini umetendwa.

Ni muhimu pia kwamba wajumbe hawashindwi na kazi yao. Shauri wanalolileta ni jema. Kinachowavunja ni upokezi. Katika istilahi za leo, chanzo cha uchovu hakimo katika upungufu wa mfanyakazi bali katika taasisi anayoitumikia. Mwisho wa riwaya, ambapo hoja za Karama zinakubaliwa na wafungwa kuachiliwa, unathibitisha jambo hilo: dawa iliyotolewa si mapumziko ya wajumbe, ni kubadilika kwa baraza.

5.0 Utubora Mkulima: kuacha kazi bila kuacha kufanya kazi

Utubora Mkulima inaupeleka mjadala mahali pagumu zaidi. Shujaa wake ana kazi ya ofisini yenye mshahara, naye anaiacha kwa hiari yake akaenda kuishi Busutamu kama mkulima. Riwaya ilichapishwa 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, na katika hali hiyo ilikuwa rahisi kuisoma kama mwito wa kurudi vijijini. Ilikuwa rahisi vilevile, kwa wahakiki waliofuata mkabala wa Kimarx katika miaka iliyofuata, kuilaumu kwa udhanifu: mtu mmoja mwema na shamba lake hawageuzi mfumo wa uzalishaji mali.

Masomo yote mawili yanaanzia shambani. Yakianzia ofisini, swali hubadilika. Utubora si mvivu wala hafukuzwi. Anaondoka akiwa bado ana uwezo, kabla ufanisi wake haujapungua. Jina lake linatoa hoja kamili: utu wake ni bora pasipo cheo. Aidha, huko Busutamu hapumziki. Jembe si kitanda. Kilichobadilika si kiasi cha kazi bali uhusiano wake na kazi. Karani hushughulikia mali na maneno ya wengine, kwa saa zilizopangwa na wengine. Mkulima huona kwa macho yake alichokipanda kikiota, na muda wake hupangwa na jua na mvua. Riwaya inadai, kwa utulivu, kwamba kinachomchosha mtu si kufanya kazi bali kutengwa na tunda la kazi yake.

Hapa ndipo shamba linapokuwa sura ya uandishi. Mwandishi hupanda kama mkulima, lakini havuni kama mkulima. Mswada ukishatoka mkononi mwake, msimu wa mavuno hupangwa na mchapishaji, na wakati mwingine hupita umri wake. Kufikirika ilitoka 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaohusu vita vya 1939 hadi 1945 na wenye takriban beti 3,000, ulitoka mwaka huo huo. Siku ya Watenzi Wote na Utubora Mkulima yenyewe zilitoka 1968. Kitabu kinachosifu furaha ya kuona mavuno kilivunwa miaka sita baada ya mpanzi wake kuzikwa. Utubora alipewa jambo ambalo muumba wake hakulipata: kuiacha ofisi mapema na kula alichokilima.

6.0 Msanii mwenye mwili

Yapo maandishi mengine ambamo Shaaban Robert anaitazama kazi ya sanaa ana kwa ana, lakini kupitia maisha ya mtu mwingine. Wasifu wa Siti binti Saad unamfuata mwanamke aliyetoka Fumba, aliyetembeza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji mashuhuri wa taarabu, na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Katika wasifu huu sanaa si kipaji kinachoelea hewani. Ina mwili unaosafiri, sauti inayotumika usiku, watu wanaosengenya na riziki inayotegemea wasikilizaji. Vyungu na nyimbo vinawekwa katika mstari mmoja wa jasho.

Kwamba jambo hilo linasemwa waziwazi juu ya Siti na si juu ya mwandishi mwenyewe si ajabu. Wasifu humruhusu msimulizi kuhurumia. Tawasifu ya aina aliyoichagua ilimruhusu kuasa tu. Huruma aliyojinyima mwandishi alimpa mwimbaji.

7.0 Subira: pingamizi na jibu lake

Yaweza kudaiwa kwamba usomaji huu unapachika mashaka ya karne ya 21 juu ya mtu aliyeishi kwa subira, na kwamba ukimya wake si kuficha bali ni adili lenye mizizi katika Uislamu na katika utamaduni wa pwani. Pingamizi hili lina uzito. Subira si unafiki, na kuigeuza kuwa dalili ya ugonjwa ni kuidharau. Lakini subira yenyewe haikanushi mzigo. Neno kustahimili halina maana pasipo kitu kizito kinachostahimiliwa. Uhakiki unaoisifu subira ya mwandishi bila kuutaja mzigo umesifu nusu ya adili.

Hatari ya kusifu nusu hiyo inaonekana katika yaliyofuata. Kizazi cha Euphrase Kezilahabi kiliivunja heshima ya ukimya: katika Kichwamaji (1974) Kazimoto anakata tamaa hadharani hadi kujiua. Mvunjiko huo mara nyingi huelezwa kuwa ni athari ya falsafa ya Kimagharibi. Unaweza kuelezwa pia kuwa ni jibu la ndani ya fasihi ya Kiswahili kwa kielelezo ambacho hakikuacha mahali pa kusemea uchovu.

8.0 Hitimisho

Maandishi ya Shaaban Robert hayakosi uchovu, yanaugawa. Tawasifu inaunyamazia, Kusadikika inautia katika umbo, Utubora Mkulima inautafutia njia ya kutokea, na Wasifu wa Siti binti Saad unauhurumia kwa niaba ya mwingine. Kwa uhakiki, matokeo ni mawili. Kwanza, historia ya miswada, kuchelewa kwake na kukaa kwake kwa wachapishaji, inapaswa kuhesabiwa miongoni mwa masharti ya uzalishaji wa fasihi, si kuachiwa tanbihi. Pili, bidii ya mwandishi isifundishwe darasani kama ada ambayo kila anayetaka kuandika kwa Kiswahili lazima ailipe. Utubora aliiacha ofisi akaendelea kuwa mtu wa kazi. Alichokikataa si jasho, bali jasho lisilo na mavuno.