Msalaba wa Jani Moja

Ukipita kwenye ukumbi wa mabati wa kanisa la Kianglikana huku Chala, siku chache kabla ya Jumapili ya Mitende, utawakuta akina mama wamekaa mkekani na hakuna hata mmoja anayekunja msalaba. Wanachambua majani. Jani linachukuliwa, linaelekezwa kwenye mwanga wa mlangoni, linapindwa kidogo kwenye ncha, kisha linawekwa kulia au kushoto. La kulia litakuwa msalaba. La kushoto litarudi nyumbani kuwashia moto. Kuchambua huku hula muda mrefu kuliko kukunja kwenyewe, na kwa maoni yangu ndiko nusu kubwa ya ufundi, ingawa Jumapili hakuna muumini atakayekuona.

Chala ninayoisema ni ya upande wa Kenya, kaskazini mwa mji wa Taveta, karibu na ziwa lenye jina hilohilo lililojificha ndani ya shimo la volkeno, mpaka wa Kenya na Tanzania ukilikata katikati. Kilimanjaro iko hapo hapo magharibi, lakini mvua zake nyingi hubaki kwake. Huku chini ni nchi ya mahindi ya kubahatisha na mbuzi. Majani ya misalaba hutoka kwenye mkindu, na mkindu hauwezi kuota popote tu. Unataka maji miguuni, kwa hiyo hufuata mto Lumi na chemchemi za upande wa Taveta. Anayetaka ukindu lazima ashuke mtoni, na hashuki alfajiri wala peke yake, maana tembo wa Tsavo nao wana njia zao.

Mkindu huota kwa vishada, mashina kadhaa kutoka mzizi mmoja. Kuti linalotafutwa ni lile changa la katikati, ambalo bado limefumba. Kulifikia si mchezo: chini ya kila kuti, majani ya mwanzo yamegeuka miiba mirefu inayochoma hata kupitia mkono wa shati. Mkataji anayeijua kazi hukata kuti moja kwenye shina, kisha huhamia shina jingine. Mwenye pupa hukata moyo wa shina lilelile mara kwa mara, na shina hilo hudumaa, akarudi mwaka unaofuata akakuta vijiti. Ndani ya kuti lililofumba majani yamebanana, meupe yenye umanjano, laini, hayajawahi kuona jua. Weupe huo ndio unaotakiwa.

Kinachofuata ni jua, siku tatu nne za jua kali, na hapo kalenda ya kanisa inaanza kumsumbua fundi. Pasaka hufuata mwezi: ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hiyo huweza kuangukia siku yoyote ya Jumapili kati ya Machi 22 na Aprili 25. Masika nayo huingia Machi. Pasaka ikichelewa, aliyengoja mpaka wiki ya mwisho ndipo akate ukindu atauanika chini ya mawingu, na ukindu unaokauka kwenye unyevu hushika ukungu na kutoka madoadoa meusi yasiyofutika. Ndiyo maana waliozoea hukata Februari, Kwaresima ikiwa ndiyo kwanza inaanza au hata haijaanza, wakaufunga mafungu na kuuweka mahali pasipofika moshi wa jikoni.

Mtu atauliza, kwa nini kuhangaika kukausha? Mnazi upo, mkindu upo, kata jani bichi ukunje. Watu hufanya hivyo. Asubuhi ya Mitende, mbele ya makanisa ya Nairobi na Mombasa, vijana huuza misalaba ya kijani kibichi iliyokunjwa usiku huo huo, na inapendeza kweli. Siwalaumu, biashara yao inaisha ibada ya mwisho inapoanza. Tatizo ni kwamba jani bichi husinyaa likikauka, hasa kwa upana wake. Msalaba uliobana vizuri Jumapili huanza kulegea katikati ya Juma Takatifu, na Ijumaa Kuu ikifika mkono mmoja umekwishaning'inia. Wa akina mama hawa unatarajiwa kukaa mwaka mzima juu ya mlango, ndani ya Biblia, au umechomekwa kwenye kioo cha mbele cha matatu ya kwenda Voi, ukitikiswa na kila shimo la barabarani. Jani ambalo limekwisha kusinyaa halina tena cha kusinyaa.

Ila jani kavu halikunjiki. Likipindwa hukatika. Kwa hiyo hurudishiwa maji, lakini kwa ubahili. Majani hufungwa ndani ya kitambaa kilicholoweshwa kikakamuliwa, yakaachwa humo kwa muda. Yakinyonya maji mengi yatavimba, na tutakuwa tumerudi kwenye kulegea kule kule. Yakinyonya machache yatapasuka kwenye kona. Nilimwona mzee wao, nyanya ambaye wote humwachia neno la mwisho, akichomoa jani kwenye kitambaa na kulipinda karibu na sikio. Likalia kidogo. Akalirudisha. Baadaye akachomoa jingine, akalipinda, kimya. Ndipo akasema, "Haya, leteni visu." Hakuna aliyeangalia saa.

Jani hupasuliwa katikati, uti wake mgumu ukatolewa, kila upande ukawa chane moja. Chane hupitishwa chini ya mgongo wa kisu, mara mbili tatu, hadi inyooke na kulainika. Upana lazima uwe sawa toka mwanzo mpaka karibu na ncha, na mama anayepunguza upande hafanyi kwa rula; anachora kwa ukucha, kisha anavuta, na ukanda mwembamba unatoka mzima bila kukatika. Ni mikono ya watu waliokwisha kusuka kili nyingi za mikeka na kupinda mkonge mwingi wa vikapu. Kanisa halikuwafundisha. Liliwakuta na ufundi huo.

Sasa kukunja. Chane imeshikwa wima, upande mpana chini. Sehemu ya juu inapindwa na kuteremshwa mbele, kunjo likibaki juu: huo ndio mti wa kusimama, urefu wake kama kidole cha kati, na una tabaka mbili. Karibu theluthi moja kutoka juu, mkia unageuzwa kwa pembe kwenda kulia na kubanwa kwa ukucha wa gumba. Unakwenda kulia kiasi cha pingili mbili, unakunjwa kurudi nyuma ya mti, unatokea kushoto kwa kipimo kile kile, unakunjwa tena na kurudi katikati. Hapo kwa macho msalaba umekwisha, una kichwa na mikono. Lakini ni uongo mtupu. Ukiachia vidole unafumuka wote mara moja, nawe unabaki na jani lenye mikunjo.

Kinachouzuia usifumuke ni mshipi wa katikati. Mkia unaobaki unapanda mshazari juu ya makutano, unazunguka nyuma, unarudi mbele kwa mshazari wa pili unaokata ule wa kwanza, kisha ncha inachomekwa nyuma, chini ya mshipi wake yenyewe, na kuvutwa. Mvuto huo wa mwisho ndio unaotofautisha fundi na fundi. Ukivuta kidogo, msalaba unacheza. Ukivuta sana, mikono inajikunja mbele kama mtu aliyeshikwa na baridi. Nyanya yule huvuta kwa hatua, akiusukuma mti wa kusimama kwa gumba huku akivuta kwa mkono wa pili, hadi mshipi ulale bapa na mistari yake miwili ikutane katikati kabisa. Kisha hukata ncha inayobaki mshazari, akaisukuma ndani isionekane. Hakuna uzi, pini wala gundi. Kila kunjo limeshikwa na kunjo linalofuata, na la mwisho limeshikwa na la kwanza.

Niliona pia jambo ambalo nadhani wenyewe hawalihesabu kuwa ufundi. Upande wa jani unaong'aa ulikuwa mbele kwenye mti wa kusimama na pia kwenye mshipi, na kwenye mikono upande wa ndani ulitokea, uliofifia kidogo. Ukitazama haraka hutaona tofauti. Ukiutazama kwa utulivu, mshipi unajitokeza peke yake bila rangi yoyote kupakwa.

Uanglikana wa Taita ni wa watu waliokuja kwa miguu na vitabu. Johannes Rebmann wa shirika la wamisionari la CMS aliondoka Rabai tarehe 27 Aprili 1848, siku nne baada ya Pasaka ya mwaka huo, akakatiza nchi hii mpaka akauona mlima wenye theluji Mei 11. Joseph Wray alifungua misheni Sagalla mwaka 1883, na katika miaka ya 1890 Taveta ilikuwa na misheni iliyochapisha gazeti lake, Taveta Chronicle. Dayosisi ya Taita Taveta ilizaliwa mwaka 1993. Kwa yote hayo CMS ilikuwa ya mahubiri, shule na Biblia; ubani, sanamu na mapambo hawakuvishabikia. Kanisa la namna hiyo humpa muumini mengi ya kusikia na machache ya kushika. Nadhani ndiyo sababu msalaba wa ukindu umependwa hivi huku. Katika mwaka mzima wa ibada, ni kitu kimoja ambacho mtu hupewa mkononi akaenda nacho nyumbani, na kimetengenezwa na jirani yake.

Ndugu zao wa shirika la misheni la UMCA, upande wa pili wa Uanglikana wa Afrika Mashariki, walikuwa watu wa ubani. Askofu Edward Steere alipowapeleka watumwa waliokombolewa Masasi mwaka 1876, kusini mwa Tanzania ya leo, alipanda kanisa la sherehe. Na ni Masasi iliyoufanya msalaba wa jani kuwa bidhaa ya dunia: tangu miaka ya 1960 wanavijiji wa huko wamekuwa wakikunja misalaba ya majani makavu na kuisafirisha ng'ambo, ikagawiwa kwenye parishi za Kianglikana za Uingereza na Marekani. Muumini wa huko anayeubandika kwenye fremu ya kioo pengine hajui kwamba kunjo lile lilibanwa kwa ukucha wa mtu wa Masasi. Parishi zinazopaka majivu huikusanya misalaba ya mwaka uliopita na kuichoma ipate majivu ya Jumatano ya Majivu. Hapo kukosa gundi kunalipa mara ya pili: huungua safi, ikabaki unga laini.

Nchi za baridi hazikuwa na mitende ya kukata. Waayalandi, kwa mfano, walibeba matawi ya miti yao isiyopukutisha majani, lakini misalaba ya kusuka wanayo pia. Mkesha wa tarehe 1 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Brigid, huvuna matete mabichi ya kinamasi na kuyasuka kuzunguka kitovu, tete moja likikumbatia jingine, hadi mikono minne itokee, kisha ncha zake hufungwa kwa uzi. Ni kazi nzuri, na matete yakisinyaa uzi unashikilia. Nikilazimishwa kuchagua, bado nitauchagua wa ukindu, kwa sababu hauna pa kukimbilia. Jani likikosea, limekosea.

Jumamosi jioni ukumbi hujaa. Vijana wa KAYO, umoja wa vijana wa Kianglikana, huleta makuti makubwa ya maandamano, wakayaegemeza ukutani na kuangusha vumbi juu ya kazi ya mama zao, wakakemewa. Watoto nao hupewa majani ya upande wa kushoto wajifunzie. Msichana mmoja wa shule ya msingi alileta wake, mikono imepanda juu upande mmoja.

"Nyanya, umekubali?"

Nyanya akaugeuza nyuma, akautazama mahali ncha ilipochomekwa, si mbele. "Umevuta kabla hujabana," akasema. Akachomoa ncha, akaufumua wote, akalipitisha jani chini ya mgongo wa kisu na kumrudishia likiwa limenyooka. "Jani bado zima. Anza tena."

Msichana akaanza tena. Nyanya akarudi kwenye mafungu yake: ya ibada ya kwanza, ya ibada ya pili, na fungu dogo la wagonjwa waliolala nyumbani, ambalo Kasisi hulipitia mwenyewe. Ukindu mzuri uliobaki aliufunga kwenye kanga kando, mbali na wa kuwashia moto. Soko la Taveta liko Jumatano na Jumamosi, na kulikuwa na mteja aliyekwisha kuagiza mkeka.