Barua za Cullen: Tabibu aliyelazimika kusema lugha ya mgonjwa

WANAHISTORIA wa tiba wanalifahamu vyema jina la William Cullen, tabibu wa Uskoti aliyezaliwa 1710 na kufariki 1790. Sisi wa lugha hatumjui sana, na hiyo ni hasara yetu. Cullen aliacha maelfu ya barua ambazo leo zimehifadhiwa katika Chuo cha Kifalme cha Matabibu mjini Edinburgh, na ambazo Chuo Kikuu cha Glasgow kimeziweka mtandaoni zisomwe na yeyote. Wagonjwa, au jamaa zao, au tabibu wa kijijini kwao, walimwandikia kueleza maradhi. Naye akajibu kwa barua. Wengi wa wagonjwa hao hakuwahi kuwatia machoni. Nakala za majibu yake alizihifadhi, mwanzoni zikiandikwa upya na makarani, na kuanzia 1781 kwa mashine ya kunakilia iliyobuniwa na James Watt, yule yule wa injini ya mvuke.

Hata James Boswell alimwandikia mwaka 1784 kumwomba shauri kuhusu maradhi ya rafiki yake Samuel Johnson, mtunzi wa ile kamusi maarufu ya Kiingereza ya 1755. Fikiria: mtunzi wa kamusi anaugua London, na maneno ya kuueleza ugonjwa wake yanaandikwa na mtu mwingine.

Nazisoma barua hizi kwa jicho la mhakiki, na dai langu ni hili: Cullen wa barua ni mwandishi bora kuliko Cullen wa vitabu. Tuchukue mfano wa maradhi ya viungo, yale tunayoyaita baridi yabisi. Mwaka 1769 Cullen alichapisha kitabu cha Kilatini ambamo aliyapanga maradhi kwa makundi na spishi, kama mtaalamu wa mimea anavyopanga majani. Humo baridi yabisi kali inayokuja na homa ina mahali pake, na maumivu ya kudumu yanayobaki baada ya homa kuondoka yamepewa jina la arthrodynia. Ni jina la kupendeza kabatini. Lakini mtu ambaye goti limemvimba, na ambaye yuko safari ya siku tatu kutoka Edinburgh, atalifanyia nini?

Kwenye barua mambo hubadilika. Tabibu hawezi kuupapasa mshipa wala kulibonyeza goti. Alicho nacho ni maneno ya mgonjwa tu, na atakachomrudishia ni maneno tu. Kwa hiyo maagizo yake hushuka hadi kwenye maisha ya kila siku: mgonjwa alale vipi, ale nini, apande farasi kwa muda gani, ajikinge vipi na unyevu, ngozi isuguliwe kwa brashi, na mwili uvishwe flana iguse ngozi yenyewe. Naam, hiyo flana ya Waingereza ndiyo iliyotuzalia neno fulana. Kila asubuhi tunavaa agizo la matabibu wa kale bila kujua! Kinachonivutia zaidi ni kwamba agizo huandamana na sababu yake. Anayeambiwa avae fulana huelezwa pia baridi inaufanyia nini mwili uliokuwa na joto. Mgonjwa anachukuliwa kuwa mtu mwenye akili.

Upande wa pili wa mawasiliano hayo una utajiri wake pia. Mgonjwa aliyejua kwamba tabibu hamwoni alilazimika kuyatafutia maumivu yake maneno hasa: yalianza lini, yanahama kutoka bega hadi nyonga au yametulia, usiku huwaje, mvua ikikaribia huwaje. Hebu sasa tujiulize Kiswahili kingempa mgonjwa wa namna hiyo nini. Goti linaniuma. Linanipwita. Linaniwanga. Linanichoma. Limekufa ganzi. Ukimwambia tabibu kidonda kinanyonyota hujamwambia kwamba kinawasha, na aliyetoneshwa si sawa na anayeumwa tu. Hii si mapambo; kila kitenzi hapo ni taarifa ya kitabibu. Kisha mgonjwa huyo huyo anaingia chumba cha daktari, anatafuta Kiingereza chake cha shule, na utajiri wote huo unaishia katika neno moja la Kiingereza lenye maana ya maumivu. Daktari naye anaandika neno hilo moja. Tumepoteza nini hapo? Mengi.

Nisimsifu Cullen kupita kiasi. Kwa baridi yabisi kali, dawa aliyoitegemea ilikuwa kumtoa mgonjwa damu, kwa kukata mshipa au kwa kubandika ruba penye uvimbe. Leo hakuna tabibu wa maana atakayefuata ushauri huo. (Waswahili nao walijua kuumika damu kwa pembe iitwayo chuku; na ni hiyo hiyo chuku tunayoipiga tunapotia chumvi katika maneno. Wanafunzi wa fasihi hukariri chuku kama tamathali, lakini wangapi wanajua kwamba iliwahi kunyonya damu?) Tena nathari yake nzuri haikumfanya awe sahihi. Ukisoma maelezo yake ya jinsi baridi inavyobana mishipa, unashawishika kwa sababu yamepangwa vizuri, wala si kwa sababu yamethibitishwa. Hilo ni la kuangaliwa. Na kuna suala la tabaka: aliyeweza kumlipa tabibu mashuhuri kwa barua alikuwa mtu mwenye ardhi au biashara. Mkulima aliyepinda mgongo shambani hana barua humu, labda bwana wake amtaje.

Kejeli kubwa zaidi imo katika barua nyingine kabisa, ambayo hata haikuandikwa na tabibu. Mwaka 1763 kasisi Edward Stone wa Chipping Norton aliiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London kueleza jinsi alivyotibu watu wapatao 50 wenye homa za vipindi kwa unga wa magamba ya mti uitwao willow. Maumivu ya viungo hayakuwa hoja yake. Ilibidi kusubiri hadi 1876 ndipo Thomas MacLagan, tabibu wa Dundee, akatangaza kwamba salisini, kiini kinachotokana na mti huo, inaituliza baridi yabisi kali. Kwa hiyo kwa miaka mingi Cullen alipokuwa akiwaagiza watu fulana na ruba, dawa ilikuwa tayari imetajwa katika barua, ila chini ya jina la ugonjwa mwingine.

Majina haya nayo yana visa vyake. Neno la Kiingereza la baridi yabisi linatokana na Kigiriki chenye maana ya mtiririko: wahenga wa Ulaya waliamini kuna majimaji mabaya yanayotiririka hadi kwenye viungo. Letu linadai kinyume. Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kavu. Baridi na ukavu ni istilahi za tiba ile ya kale ya Wagiriki ambayo Waarabu waliihifadhi na kuiendeleza, nasi tukaipokea pwani pamoja na balghamu na safura. Safura kwa asili ni nyongo ya manjano. Leo ni ugonjwa wa kupungukiwa damu. Basi Mzungu anaumwa na maji, Mswahili na ukavu, na goti ni lile lile! Wapo wanaotaka tulitupe jina letu kwa kuwa nadharia yake imepitwa na wakati. Kama hiyo ndiyo sababu, Waingereza nao walitupe lao. Jina haliwajibiki kuthibitisha nadharia iliyolizaa. Kazi yake ni kueleweka, na baridi yabisi inaeleweka na nyanya yeyote kutoka Lamu hadi Vanga.

Kuna jambo moja zaidi kumhusu Cullen ambalo waalimu wa vyuo vyetu wangelitafakari. Alipokuwa Glasgow katika miaka ya 1740, alikuwa miongoni mwa wahadhiri wa kwanza wa tiba nchini humo kuacha Kilatini na kufundisha kwa Kiingereza. Kiingereza wakati huo kilitiliwa shaka zile zile tunazozisikia leo kuhusu Kiswahili: ati hakina istilahi, ati wanafunzi watashindwa kusoma vitabu vya nje. Sisi tuna Kamusi ya Tiba ya TUKI, na tuna Katiba ya 2010 ambayo kifungu chake cha 7 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Bado mwanafunzi wa udaktari anaweza kuhitimu nchini bila kuulizwa hata mara moja amweleze mgonjwa ugonjwa wake kwa Kiswahili.

Kilatini, hata hivyo, hakikutoweka. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuandika orodha ya dawa kwa vifupisho vya Kilatini, kwa ajili ya mchanganyaji dawa. Maelezo ya jinsi ya kuishi na ugonjwa yalikuwa kwa lugha ya mgonjwa. Ya mwuza dawa yalikuwa kwa lugha ya mwuza dawa. Mgonjwa wetu wa leo anatoka hospitalini na karatasi moja, na yote iliyomo ni ya mwuza dawa.